Muulize Jiko la Mfalme Liko Wapi

Bodo, 9 Oktoba 2023

Mwanangu Asiya,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, sijui nyinyi. Mihogo tumekwisha kupanda. Mbuzi wa Kache amekula tena ukindu wangu niliouanika, nami nimemwambia Kache kwamba mbuzi wake ana adabu kumshinda yeye, maana mbuzi akinikosea hukimbia, Kache akinikosea hukaa akabisha. Shangazi yako wa Shirazi mguu umepoa. Haya, salamu zimekwisha.

Barua yako nimeipata, na ile picha ya ngome nyekundu juu ya kilima. Nzuri. Nimeibandika ukutani. Sasa nisikilize.

Miezi miwili mko huko Granada, na umeniandikia kurasa tatu. Sumaiya umemtaja mara saba. Sumaiya ameota gego, Sumaiya amemwagia maji paka wa watu, Sumaiya hiki, Sumaiya kile. Sufyan umemtaja mara nne, yuko jikoni hotelini anawakaangia wageni samaki kama alivyokuwa Diani. Vizuri, Mungu ampe nguvu. Adnan umemtaja mara moja. "Adnan hajambo, anakusalimu." Basi!

We Asiya. Darasa langu mimi ni la gumbaru, nilikaa miezi mitano nikagombana na mwalimu nikatoka, lakini kuhesabu ninajua. Mume wangu yule wa miaka sita, aliyekuwa hapa akisema tangu adhana ya alfajiri mpaka umzibe mdomo kwa ndizi, leo anasalimu tu? Anasalimu na nini, kidole? Kuna jambo umelikalia kama kuku. Inuka nilione.

Na hicho kigari cha kumsukumia Sumaiya, ulichosema gurudumu limevunjika kwenye mawe, kitupe. Mtoto si gunia la nazi. Nitakutumia leso, umbebe mgongoni kama nilivyokubeba wewe na ukatoka mzima, isipokuwa ulimi.

Usinipigie simu. Nikianza kugomba hewa hukatika, nikimaliza kugomba hewa hurudi. Karatasi haikatiki.

Mimi mama yako,
Maimuna


Granada, 3 Novemba 2023

Mama yangu,

Shikamoo. Tunakuombea afya na tunaombea mguu wa shangazi. Sisi tumo katika kuizoea baridi. Sufyan anatoka kabla ya jua na kurudi ananuka kitunguu saumu. Wapishi wenzake wanamwita Sufi, naye amechoka kuwasahihisha.

Mtaa wetu unaitwa Albaicín. Ungeuona ungesema ni Mji wa Kale wa Mombasa uliosimamishwa wima. Vichochoro vyembamba, kuta nyeupe, na chini wametandika kokoto nyeupe na nyeusi kwa mapambo, kama mkeka wako wa arusi. Macho yanapenda, gurudumu halipendi. Kila baada ya kona chache pana bomba la maji ya kunywa. Sumaiya lazima anywe kila bomba. Akisha kunywa lazima akojoe. Kwa hiyo mji huu wa kale, Mama, ambao watu wanatoka Marekani na Japani kuja kuuona, mimi ninaujua kwa vyoo vyake. Juu kabisa kuna uwanja ambako watu wote hupanda kuitazama ile ngome, Alhambra. Tulipanda kwa jasho. Tulipofika Sumaiya akaipa ngome mgongo, akatazama njiwa muda wa saa nzima.

Umenikamata. Nilikuwa sitaki kukutia roho juu.

Adnan hasemi. Nyumbani anasema nasi, si kama zamani, lakini anasema. Akivuka kizingiti tu, mdomo unafungwa. Dukani hasemi, njiani hasemi, shuleni hajasema neno hata moja tangu siku ya kwanza. Wakimwita jina anainua mkono. Wenzake mwanzoni walimchezea, sasa wamemwacha, huwa anakaa pembeni ya uwanja akihesabu vigae. Mwalimu wake, Bi Remedios, ni mtu mwema. Aliniita akanieleza taratibu, nami Kihispania changu ni cha kununulia vitunguu: wakifika mwisho wa mwaka wa masomo, mwezi wa Juni, naye bado hajasema, hatapanda darasa na wenzake. Watampeleka kwenye darasa jingine la watoto wasiosema, shule nyingine, ng'ambo ya mji. Nilirudi nyumbani nikapika wali ukaungua.

Ni mwanangu yule yule, Mama. Sijui nimemkosea wapi.

Wako,
Asiya


Bodo, 10 Desemba 2023

Asiya,

Barua yako imechelewa kwa mvua. Maji yamejaa barabarani, mtu kwenda Msambweni hupandisha suruali mpaka kiunoni. Hatujambo. Nyumba ya Kache imevuja, yeye na mbuzi wamehamia kwangu. Sitaki kulizungumza hilo.

Adnan si bubu. Msimpeleke kwa daktari, msimpige, msimhonge pipi. Na msimuulize kwa nini. Nasema msimuulize! Hujamkosea kitu, acha kuunguza wali.

Leso hiyo hapo. Karatasi ya pili ni ya mume wangu, mpe mkononi, asome mwenyewe.

Maimuna

*Mume wangu Adnan. Mimi mkeo nakusalimu. Nimeiona picha ya nyumba uliyoniandalia huko, hiyo nyekundu. Minara nimeiona. Madirisha nimeyahesabu. Jiko sikuliona. Sasa mimi nihamie katika nyumba isiyo na jiko? Huyo mfalme wako wa kale alikula nini, mapambo? Mama yako atakupeleka. Ingia ndani unitafutie jiko lilikuwa wapi, ndipo nijue kama nafunga mizigo au sifungi. Mkeo Maimuna.*


Granada, 21 Januari 2024

Mama,

Shikamoo. Tu wazima. Sumaiya anavalishwa soksi tatu na anavua nne. Leso imefika. Siku ya kwanza niliona haya, nikazunguka nayo humu chumbani nikijifunga na kujifungua. Sasa kigari nimempa muuza vitabu atilie vitabu. Bibi jirani alinisimamisha nimwonyeshe fundo, nikamwonyesha, akaenda kumbeba mbwa wake.

Jumamosi tulikwenda Alhambra, sote wanne. Sufyan alipata ruhusa. Ningekueleza uzuri wake kama ningepewa nafasi ya kuuona. Kuta ni chokaa iliyochongwa maua na maandishi ya Kiarabu, juu mpaka chini. "Wala ghaliba illa Allah", hakuna mshindi ila Mungu, imeandikwa mpaka unachoka kuhesabu. Watu wanapiga picha tu, hawajui wanapiga nini. Adnan alisimama akasoma moyoni, midomo inacheza. Chuo cha Kurani cha Mwalimu Ramadhani hakikupotea bure. Mbele kuna ua wa simba, kumi na wawili, wa marmar, wamebeba beseni mgongoni, maji yanawatoka vinywani. Sumaiya aliwaita mbuzi. Kusema kweli wamefanana. Akataka kumpanda mmoja, akakatazwa, akalala chini katikati ya ua wa wafalme akapiga makelele hata Wajapani wakaacha simba wakampiga picha yeye.

Lakini Adnan hakwenda kuona simba. Alikwenda kutafuta jiko. Alichungulia nyuma ya kila mlango. Alilala kifudifudi kutazama chini ya ngazi. Alinusa kuta, Mama. Alipita akinusa kuta, anatafuta moshi.

Mlinzi mmoja, mzee mwenye masharubu, alikuwa akitufuata nyuma. Mwisho akainama akamuuliza kwa upole, "Umepoteza nini, bwana mdogo?" Adnan alielewa. Nilimwona. Ulimi ulikuja mpaka kwenye meno. Kisha akajiziba mdomo kwa mikono yake miwili, machozi yakamtoka.

Tulipofika nyumbani niliivunja amri yako. Nikamuuliza. Akaniambia, "Mke wangu alinikataza kusema na watu nisiowajua."

Nikamwambia, "Mwalimu si unamjua? Miezi mitano sasa."

"Mimi namjua. Mke wangu hamjui."

Mama, ulimwambia nini mwanangu?

Nitapiga simu kwa Kache. Sitangoja barua.

Asiya


Bodo, 18 Februari 2024

Mwanangu Asiya,

Wa alaykum salaam. Umepiga simu mpaka kwa Kache, na Kache ana mdomo kama pipa lililotoboka, sasa kutoka hapa mpaka Funzi watu wanajua nina kesi. Umeridhika?

Nilisema naye kwenye hiyo simu, umesikia kwa masikio yako. Nilimwambia, "Mume wangu, sema na watu, nimekuruhusu." Akanijibu nini? "Nitajuaje kama ni wewe?" Kache alicheka akakaa chini. Mimi sikucheka, maana hilo nalo nilimfundisha mimi. Nilimwambia siku hizi watu huiga sauti za watu, asiamini sauti yangu mpaka auone mwandiko wangu, kwa kuwa mwandiko wangu hauna mwizi duniani.

Haya. Nitasema mara moja, usinirudishe.

Siku mliyoondoka, pale Kona ya Musa, wewe ulikuwa unagombana na wapakiaji juu ya masanduku. Nilimvuta Adnan kando, kwenye kivuli cha duka la magodoro. Nikamwambia: mume wangu, huko uendako usiseme na mtu yeyote nisiyemjua mimi. Akaniuliza, mpaka lini? Nikasema mpaka nikuruhusu. Akanipa mkono. Mkono wa kiume, Asiya, aliukaza. Nikarudi nyumbani nikasuka mkeka, nikasahau.

Nilijitetea moyoni kwamba namkinga na watu wabaya. Uongo. Sikuwa nawaogopa watu wabaya, nilikuwa nawaogopa watu wazuri. Nilitaka maneno yake yarudi kwangu yote, asiyagawe njiani kwa watu wasionihusu. Niliona wivu, mwanamke mzima wa miaka sabini na moja, nilimwonea wivu mji wa watu ambao sijauona. Ulipoandika ya kwamba hasemi, nilijua saa ile ile. Nikaona haya kukiri. Nikamtuma jiko, jambo ambalo macho peke yake hayawezi kulipata, nikasema atauliza mwenyewe, yatakwisha bila mimi kujifunua. Kumbe nimeolewa na mtu mwaminifu. Marehemu babako angeuliza kabla ya kufika mlangoni.

Basi. Mimi ndiye niliyeunguza wali wako. Nisamehe, na usiniandikie kurasa nne za kunisamehe, ya kwanza inatosha.

Sasa nimefanya kama inavyotakiwa. Nimeita mashahidi wawili. Mwalimu Ramadhani ametia saini, ya Kiarabu, ili Adnan aijue. Kache ametia dole gumba, amelitia kwa nguvu kama anayeua kunguni. Msomee mbele ya baba yake.

Maimuna

*Mimi Maimuna, mke wa Adnan bin Sufyan, kwa akili yangu timamu na hasira zangu zikiwa zimepoa, nimemfungulia mume wangu kinywa chake. Aseme na mwalimu. Aseme na watoto. Aseme na mlinzi, na muuza mkate, na bibi wa mbwa. Aseme kwa lugha yoyote atakayoipata, hata mimi nisipoijua. Amri ile ya Kona ya Musa imekufa na tumeizika. Amri iliyobaki ni moja: jiko. Lilikuwa wapi? Uliza, usinuse.*


Granada, 22 Machi 2024

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na Ramadhani karim. Tunafungulia tende na supu, na Sumaiya anafungulia kila baada ya dakika kumi. Nimekusamehe, ukurasa wa kwanza, mstari wa tatu. Haya, yamekwisha.

Hati ilifika siku ya pili ya mwezi. Sufyan alitoka jikoni na aproni yake, tukakaa sote mkekani, nikasoma. Adnan akaichukua akaikagua. Akasugua dole la Kache kuona kama linafutika. Akaitazama saini ya mwalimu wake mbele na nyuma. Akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati la shule, akaomba chakula. Hakusema neno. Nilidhani tumeshindwa.

Jumanne darasa lao lilikwenda Alhambra. Haya ninayokuandikia nimesimuliwa na Bi Remedios mwenyewe.

Walikuwa kwenye ule ua wa simba. Mwongozaji amemaliza kueleza maji yanavyopanda, akauliza watoto kama kuna swali. Mkono mmoja ukainuka. Bi Remedios alidhani mtoto anataka choo. Adnan akasimama mbele ya darasa zima, akasema, kwa Kihispania kilichonyooka kuliko changu:

"Mke wangu anauliza, jiko la mfalme lilikuwa wapi?"

Bi Remedios anasema hakusikia jambo la mke. Alisikia sauti tu. Alikuwa hajaijua, anasema ni nzito kuliko alivyodhani. Alikwenda kusimama nyuma ya nguzo akajifuta uso. Aliporudi watoto walikuwa wamemzunguka.

"Una mke?"

"Ninaye."

"Anaitwa nani?"

"Maimuna."

"Ana miaka mingapi?"

"Sabini na moja."

"Mna watoto?"

"Wanne. Mmoja ni Mama."

Sasa hapo, Mama, ndipo mwongozaji alipomtazama mwalimu, na mwalimu akamtazama mwongozaji. Alhamisi tukaitwa shuleni mimi na Sufyan. Yuko Bi Remedios, yuko mwalimu mkuu, na yuko bibi mmoja wa ofisi ya watoto, ana daftari. Nilieleza utani wetu wa bibi na mjukuu mpaka koo likakauka, na mchana wa Ramadhani siwezi kunywa maji. Sufyan badala ya kunisaidia alishikwa na kicheko cha kujizuia, mabega yanatetemeka, yule bibi wa daftari akadhani analia, akampa karatasi ya pua. Wakamwita Adnan wakamuuliza kama ni mchezo. Akakasirika. Akasema yeye ana hati, ina mashahidi wawili, na akaitoa mfukoni.

Mama, aliitoa mfukoni. Kuna dole gumba.

Wamekubali kuwa si jambo baya, nadhani, lakini bibi wa daftari anataka maandishi kutoka kwa mwenyewe. Tafadhali andika kwa upole. Tafadhali sana.

Na jiko: mwongozaji alikuna kichwa. Alisema hajapata kuulizwa. Alisema labda walipikia majiko ya udongo ya kubebwa, yanayohamishwa huku na huku, lakini hana hakika, atawauliza wenye elimu. Adnan alimwambia aulize haraka, kuna mtu anangoja na mizigo.

Wako,
Asiya


Bodo, 14 Aprili 2024

Mwanangu,

Idi mubarak. Tumekula biriani kwa shangazi yako, mguu wake mzima kabisa, ametukimbiza na mwiko. Kache amerudi kwake. Mbuzi amebaki.

Nimeisoma barua yako hadharani, barazani, siku ya Idi mosi. Pale pa "mmoja ni Mama" watu walishindwa kula. Mimi nilikaa wima. Kusemwa kwa jina langu mbele ya simba kumi na wawili wa mfalme si jambo dogo.

Majiko ya udongo ya kubebwa? Hayo si seredani? Miaka yote mnanionyesha picha za minara, kumbe malkia alikuwa akipulizia seredani kama mimi. Mwambie mwongozaji akitaka kujua moshi ulipitia wapi aje Bodo, ataona kwa macho.

Karatasi ya pili ni ya hao wakubwa. Umesema niandike kwa upole. Nimeandika kwa upole. Usibadilishe neno unapoitafsiri, nitajua.

Maimuna

*Kwa Mwalimu Remedios na mwenye daftari. Salaam nyingi. Mimi ndiye mke.*

*Nina miaka sabini na moja na meno kumi na tisa. Mume mliyemwona nilimpata siku aliyozaliwa, hospitali ya Msambweni, akanikojolea, ndoa ikapita. Kwetu pwani mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake, na mjukuu wa kike ni mke mwenzake, tunagombana naye hadharani, watu wanacheka. Hakuna anayedhani vingine, hata mbwa. Mtoto mwenye mke wa namna hii ana mtu wa kumgombeza bila kumpiga na wa kumsifu bila haya. Huyu wangu hajaninunulia hata kibiriti, lakini ahadi yake aliishika miezi saba bila kulegea, hata ilipomuumiza. Kosa la ahadi ni langu, mwenye daftari aniandike mimi. Jina langu liko juu.*

*Kama kwenu bibi hana utani na mjukuu, nawapa pole. Sijui mnazeekaje.*

*Mwalimu, nimesikia ulikwenda nyuma ya nguzo. Kwa hilo nimekupenda. Sasa nakujua, na mume wangu nimemwambia nakujua. Usimpeleke ng'ambo ya mji.*


Granada, 9 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Joto limeingia, tunalala madirisha wazi. Sumaiya ameacha nepi hata usiku na ameanza kumwita muuza vitabu "mume wangu", sijui katoa wapi.

Nimetafsiri kila neno, hata meno. Bibi wa daftari alisoma, akavua miwani, akafunga daftari lake akaomba nakala. Bi Remedios alisomea darasa zima. Wiki ile ile mama wa mtoto mmoja alikuja kulalamika: mwanawe amekwenda kwa bibi yake akamwambia anataka kumwoa, na bibi amekubali.

Adnan amepanda darasa. Barua ya shule nimeiweka chini ya Msahafu. Imeandikwa kwamba ameendelea vizuri, na chini yake kwa wino mwekundu: "Anaongea mno. Anaongea wakati wa hesabu. Tafadhali wazazi mzungumze naye." Sufyan anataka kuitilia fremu.

Jioni hizi anateremka uwanjani penye bomba la maji, wako watoto sita saba, namsikia toka dirishani. Kuna maneno mengine anasema mimi siyaelewi, ninakwenda kumuuliza Sufyan, naye hayaelewi. Mara nyingine nikimsikia vile moyo unanicheka na kuniuma pamoja, sijui nikuelezeje.

Nilimwambia akuandikie kabla sijafunga bahasha. Nimemwita mara tatu. Alipanda ngazi mbio, akaandika amesimama, hata viatu hakuvua. Nakutumia kama alivyoiacha, usikasirike.

Wako,
Asiya

*Mke wangu, sina nafasi. Wenzangu wananingoja chini. Nitakuandikia siku nyingine. Adnan.*


Bodo, 7 Julai 2024

Mwanangu Asiya,

Sote hatujambo. Mahindi yamebeba.

Barua ya mume wangu nimeipata. Nimeisoma nikaiweka, nikaichukua nikaisoma. Nimempelekea Mwalimu Ramadhani anihakikishie, nikifikiri labda macho yangu. Akasema, "Bi Maimuna, ndivyo ilivyo: hana nafasi, wenziwe wanamngoja."

Marehemu babako aliendesha malori ya miwa Ramisi miaka ishirini na miwili, na kila nilipomuuliza utarudi lini, jibu lake lilikuwa hilo hilo. Sina nafasi, watu wananingoja. Nilimgombeza miaka ishirini na miwili. Nilimnyima chai. Mara moja nilimfungia mlango. Katika miaka yote ile neno hilo halikunifurahisha hata siku moja.

Juzi nimekaa barazani na karatasi mkononi, nikalisema kwa sauti. Wenzangu wananingoja. Nikacheka peke yangu mpaka yule mbuzi akaacha kula akanitazama. Kisha nikalia kidogo, lakini hilo usimwambie mtu, na Kache hakuwepo.

Usimwite dirishani aje kuniandikia. Umesikia? Ukimwona amesimama na kalamu na mguu mmoja uko mlangoni, mnyang'anye kalamu. Mwambie mkewe amesema ateremke upesi, wanamngoja.

Maimuna